Nilijenga bahari ndogo sebuleni Migori, mama yangu muuza omena akaishika yeye

Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni mtu wa kusoma tu humu. Nachangia mara moja moja kwenye nyuzi za mafriji na inverter kisha napotea. Leo nina jambo langu mwenyewe. Ni refu kidogo, na nitalisema kama lilivyotokea, pamoja na zile sehemu zinazonionyesha mjinga. Hizo ni nyingi.

Kiswahili changu ni cha huku Migori. Ndugu wa Tanga na Zanzibar mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Nilifanya kazi miaka sita kwenye hoteli moja kusini mwa Mombasa. Pale reception kulikuwa na tank kubwa ya maji ya chumvi, ndani yake matumbawe hai na samaki wa kila rangi. Kazi yangu ilikuwa mashine ya kupooza maji tu. Lakini kila nikimaliza nilikuwa nabaki mbele ya kile kioo na spana mkononi mpaka supervisor anitafute.

Jamaa mmoja wa Kilifi ndiye aliyekuwa anaitunza. Siku moja akaniambia, "Wewe utakuja kuweka yako." Nikacheka.

Nikarudi Migori, nikafungua workshop, nikaoa. Mke wangu anaitwa Boke, ni mwalimu wa primary, Mkuria wa upande wa Isebania. Mimi ni Mjaluo wa Karungu, kule chini ziwani. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutania. Hii mtaielewa mbele kwa nini naisema.

Sasa mama yangu.

Mama ameuza omena na samaki Karungu tangu mimi sijazaliwa. Omena, kwa wale wa mbali, ni vile vidagaa vyetu vya ziwani. Mwaka juzi aliteleza kwenye mawe pale ufukweni akiwa na karai kichwani, akavunjika nyonga. Akafanyiwa operesheni, ikaenda vizuri. Daktari akasema asirudi nyumbani Karungu mpaka aweze kutembea mwenyewe bila kushikilia kitu, kwa sababu boma lake liko kwenye mteremko na maji anachota mbali.

Kwa hiyo akaja kukaa kwetu.

Wakuu, mtu aliyezoea kuamka na kugombana na wavuvi juu ya bei, ukimweka kwenye kiti sebuleni Migori anakufa pole pole. Alikuwa anageuza kiti anaangalia ukuta. Ukimuuliza amelalaje, anasema "nimelala." Mtu wa mazoezi wa hospitali alisema asimame dakika kumi mara tatu kwa siku, ashike ile walker yake, fremu ya chuma ya kushikilia. Alikuwa anasimama dakika moja, anakaa.

Na yeye na Boke walikuwa na heshima baridi. Kila mmoja anamwambia mwenzake "asante" kama wako ofisini. Mama Kiswahili chake ni cha sokoni, Boke Kijaluo chake ni salamu na majina ya chakula. Siku nzima yanapita maneno ishirini.

Nisiwadanganye, tank sikuijenga kwa ajili ya mama. Niliijenga kwa sababu nilikuwa naitaka tangu Mombasa, na kipindi hicho kazi zilikuwa zimenyooka. Msiniulize bei. Boke yuko humu, anasoma nyuzi zangu.

Kioo nilikatiwa na fundi wa vioo hapa mjini, nikagundisha mwenyewe na silicone. Urefu futi nne. Ikijaa maji na mawe ina uzito wa ng'ombe mzima, kwa hiyo nikapeleka vipimo kwa fundi wa kuchomelea anitengenezee meza ya chuma. Nilitaka ifike kiunoni, mtu akae kwenye sofa aone vizuri. Jamaa akasoma vipimo vyake anavyojua yeye, akaniletea meza inayofika kifuani. Nikagomba. Akasema atakata wiki ijayo. Wiki ijayo haikuja, nikachoka, nikaweka tank juu ya hiyo meza ndefu hivyo hivyo.

Boke aliangalia sofa yake ikisukumwa kwenye kona, hakusema kitu. Wale mliooa mnajua hiyo ni mbaya kuliko kusema.

Kuhusu maji, naomba msikie hii vizuri. Maji ya ziwa hayafai. Maji ya bomba yana klorini, ya kisima yana madini yake. Nilikuwa nanunua maji yale yaliyochujwa ya kunywa kwenye duka la refill, mitungi kwa mitungi, mpaka mwenye duka akadhani nimefungua hoteli. Halafu unachanganya na chumvi maalum ya bahari inayotoka Nairobi, unapima ukali wake kwa kifaa kidogo cha kuangalia kwa jicho. Chumvi ya jikoni usijaribu. Jirani yangu mpaka leo anaamini nimedanganywa kununua chumvi ghali.

Mawe nilinunua makavu. Matumbawe nilikuja kuyapata baadaye kwa jamaa wa Nairobi anayeyakuza nyumbani kwake na kuyakata vipande. Kwenda kuyang'oa baharini bila kibali ni makosa, na pia ni roho mbaya.

Sasa kosa la kwanza.

Kwenye tank mpya, mavi ya samaki na mabaki ya chakula yanageuka sumu, ammonia. Kuna bakteria wanaokula hiyo sumu, lakini wanahitaji wiki kadhaa kuzaana kwenye mawe na mchanga. Wenye fani wanaita cycle. Nilikuwa naijua hiyo. Jamaa wa Kilifi aliniambia kwa simu mara tatu: subiri.

Sikusubiri. Siku ya tano nikaweka samaki wawili wa bluu, wadogo, wazuri ajabu. Nikaita nyumba nzima ije kuona.

Mama alikuja na walker yake, akasimama mbele ya kioo. Kwa sababu ya ile meza ndefu ilibidi asimame, akiwa kwenye kiti haoni kitu. Akaangalia kidogo.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "hao samaki wako wanatafuta hewa."

"Mama, hao ni wa chumvi. Wako tofauti na wa ziwani."

"Samaki ni samaki. Angalia mashavu."

Nikamwambia wamechoka na safari. Akarudi kwenye kiti chake.

Kesho yake saa sita mchana wote wawili walikuwa wanaelea. Mama akaomba aletewe mmoja. Akamweka kwenye kiganja, akafungua shavu kwa kucha ya kidole gumba, kama alivyofungua samaki maelfu maishani mwake, akanionyesha.

"Pameungua. Maji yako ni makali."

Nikapima ammonia, kitu ambacho nilipaswa kufanya kabla. Kichupa cha kupimia kikawa kijani kama sukuma wiki.

Wakuu, niliona aibu. Lakini kuna kitu kingine niliona. Mama alikuwa amesimama pale anaongea zaidi ya dakika kumi, na hakuwa ameangalia ukuta.

Akaniuliza, "Hayo maji yatapoa lini?"

Nikamweleza habari ya bakteria. Alisikiliza. Akasema, "Kwa hiyo tunangoja wadudu tusiowaona."

"Ndiyo."

"Sawa. Tutangoja."

Sikujua amesema tutangoja yeye na nani.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikipima maji alikuwa anasimama kando yangu. "Leo ni rangi gani?" Mimi macho yangu kwenye rangi si mazuri sana, naona kijani na kijani. Yeye amenunua samaki kwa jicho miaka yote, anajua wa asubuhi na wa jana kwa kumwangalia jicho tu. Akawa ndiye anashika kichupa, anakilinganisha na ile kadi ya rangi karibu na dirisha. "Leo imepungua. Si sana. Lakini imepungua."

Wiki ya tano akasema, "Imekuwa manjano safi." Ammonia imekwisha. Nikangoja wiki nyingine moja kwa sababu yeye alisema tungoje.

Samahani, nilikatizwa, kuna mtu ameleta friji ya butchery. Nimerudi.

Wakaja samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, clownfish. Safari hii tuliwazoesha maji tone kwa tone, saa nzima na zaidi, mama amesimama na mkono mmoja kwenye walker na mwingine ameshika mpira wa maji. Boke akamletea kiti kirefu cha jikoni. Akakataa kiti.

Hao samaki wana mambo. Yule mkubwa huwa ndiye mke, na ndiye mkuu. Anamfukuza mdogo kwenye chakula, anachagua pa kulala. Nilipomweleza mama hivyo akamtazama muda, akasema, "Huyu ni Mikayi." Kwa Kijaluo mikayi ni mke wa kwanza, mwenye boma. Jina likakaa.

Boke akauliza, "Na huyo mdogo?"

Mama akafikiria. "Huyo bado hajapata jina. Aonyeshe kazi kwanza."

Boke akacheka. Nilikuwa jikoni nikasikia mke wangu anacheka na mama yangu. Nikakaa huko huko jikoni nisiharibu.

Kisha matumbawe. La kwanza lilikuwa lile la kijani linalofunguka kama nyasi fupi, la pili lenye vidole vyenye vichwa kama nyundo ndogo. Nikamwambia mama hawa ni wanyama. Akasema nimeanza kumdanganya kwa sababu ya uzee wake. Nikachukua kipande kidogo cha kamba, yaani prawn, nikakiweka kwa kibanio kwenye lile la vidole. Vidole vikashika, vikajikunja pole pole, kile kipande kikaingia ndani kikapotea.

Baada ya chakula cha mchana nikamkuta mama amesimama pale, amelowesha omena mmoja kwenye kikombe, amemkata vipande vidogo, anamlisha.

"Anakula omena," akaniambia.

"Naona."

"Hana macho lakini anakula omena."

Simu zote alizopigiwa na watu wa Karungu wiki hiyo zilikuwa juu ya hilo jambo. Hakuna aliyemwamini.

Hapo mimi nikajiona nimeiva, na mtu akijiona ameiva kwenye hii kazi ndiyo anakosea. Maji ya tank yanapungua kila siku kwa mvuke. Mimi nikawa najazia maji ya chumvi, kwa sababu ni tank ya chumvi, si ndiyo? Wiki mbili, tatu. Samaki wako sawa, lakini matumbawe yakaanza kujifunga. Lile la kijani likawa kama zulia lililokunjwa. Nikabadilisha taa, nikasafisha filta, nikapiga simu Kilifi, jamaa hakupatikana. Nikaanza kufikiria ugonjwa.

Jioni moja mama anakula, akaniuliza, "Kila siku unamwaga nini humo?"

"Maji ya chumvi. Yamepungua."

Akaweka kijiko chini. "Odhiambo. Mchuzi ukikauka jikoni, unaongeza chumvi?"

Akanionyesha tank kwa kidole.

"Maji ndiyo yanaenda. Chumvi inabaki. Mimi nimekausha samaki wa chumvi maisha yangu yote."

Boke alifunika mdomo na mkono. Nikaenda kupima, ukali ulikuwa umepanda vibaya. Tukashusha pole pole kwa siku kadhaa, tukijazia maji matupu yasiyo na chumvi. Siku ya nne lile la kijani likafunguka. Tangu hapo kujazia maji ikawa kazi ya mama na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa jagi. Alichora mstari wa kalamu kwenye kioo, kwa nje, na maji yalikuwa hayashuki chini ya mstari wake hata kidogo.

Mtu wa mazoezi alipokuja kumwangalia alishangaa misuli ya miguu. Akauliza anasimama mara ngapi kwa siku. Mama akamwambia hajui, yeye ana kazi. Ile meza ya fundi wa kuchomelea, wakuu, niliyotaka kuirudisha, ilifanya kazi ambayo mimi na daktari tulishindwa.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa Mbita, nimeitwa kutengeneza mashine ya barafu ya watu wa samaki. Nimeifungua yote, vyuma viko chini kwenye gunia. Saa tatu na nusu hivi Boke akapiga.

"Transformer ya huku imelipuka. Watu wa stima wanasema pengine Jumatatu."

Bila stima pampu zinasimama, maji hayazunguki, hewa inaisha. Saa chache tu kila kitu kinakufa, na kikianza kufa kimoja kinachafua maji cha pili kinafuata. Kutoka Mbita nizunguke Homa Bay, Rongo, mpaka Migori, ni karibu saa tatu, na siwezi kuacha mashine ya watu imefunguliwa na samaki wao wanaoza.

Na mimi fundi, inverter yangu iko pale nyumbani chini ya meza na betri yake imekufa wiki mbili. Nilikuwa nasema nitanunua.

Nikamwambia Boke ukweli huo. Kabla hajajibu nikasikia mama nyuma yake, "Mwambie amalize kazi ya watu. Sisi tuko hapa." Simu ikakatwa.

Yaliyofuata nilisimuliwa.

Mama alichukua jagi. Anachota maji ya tank, anainua juu, anayamwaga yashuke na hewa. Anachota, anamwaga. Alisema ndivyo walivyokuwa wanafanya na mbegu za samaki kwenye ndoo, zikisafirishwa kwenda kwenye mabwawa. Mkono wake ukichoka anapokea Boke. Boke akichoka anapokea mama. Jirani yule wa chumvi ya jikoni alikuja kuuliza habari za stima, akapewa jagi naye.

Boke aliniambia hapo ndipo waliongea. Kwa mara ya kwanza, kweli kweli. Mama alimweleza siku aliyoanguka kwenye mawe, kwamba alilala pale akiona omena wake wanarudi majini na hakuwa na uwezo wa kuwashika, na kwamba alichoogopa ni kuwa mzigo kwenye nyumba ya mtoto wa watu. Boke akamwambia yeye alikuwa anaogopa kuingia sebuleni kwake mwenyewe, akidhani mama hampendi kwa sababu ni Mkuria.

"Akasema nini?" nilimuuliza Boke.

"Akaniambia nimwage kutoka juu zaidi, hewa haiingii."

Katikati ya hiyo kazi mama akakumbuka betri. Wavuvi wa omena wanatumia taa juu ya maji, na taa zao zina betri. Akampigia Ouko, binamu yangu wa Karungu. Bahati yetu wiki hiyo mwezi ulikuwa mkubwa, na mwezi ukiwa mkubwa omena haifuati taa, haivuliwi, kwa hiyo betri za Ouko zilikuwa zimekaa bure na chaji imejaa. Alifunga mbili kwenye pikipiki akaja.

Saa sita na nusu Boke akanipigia video. Mimi mikono yote ina grisi, simu nimeiegemeza kwenye ndoo.

"Nyekundu kwa nyekundu," nikamwambia. "Kaza. Sasa nyeusi."

"Imetoa cheche."

"Ni kawaida. Washa."

Inverter ikalia mlio mmoja. Halafu nikasikia pampu ya hewa ikianza kunguruma. Jirani alipiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye simenti ya Mbita nikapumua, kisha nikarudi kwenye mashine ya barafu.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mlangoni nikakuta walker ya mama imeegemezwa ukutani na jaketi ya Ouko imetundikwa juu yake. Mama mwenyewe alikuwa upande wa pili wa sebule, anatoka kwenye tank kwenda mezani kuchukua kikombe chake cha chai. Hatua sita, saba. Hakuwa ameshika kitu. Nikaangalia Boke, Boke akatikisa kichwa, maana yake usiseme neno.

Ouko alikuwa ameinama mbele ya kioo.

"Hii samaki inaliwa?"

"Hapana," mama akamjibu.

"Inauzwa?"

"Hapana."

"Sasa inafanya nini?"

"Huyo ni Mikayi. Hapo ndani yeye ndiye chairlady."

Ouko akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu kamili.

Hatukutoka bila hasara. Tulikuwa na kamba mmoja mwekundu aliyekuwa anasafisha samaki, huyo alikufa, na mama alimsikitikia siku mbili. Lile la kijani lilijifunga wiki nzima. Lakini wengine wote walivuka, na stima iliporudi Jumatatu mchana betri za Ouko bado zilikuwa na nguvu kidogo. Jumanne nilinunua betri mpya. Boke alinisindikiza dukani mwenyewe ahakikishe.

Miezi miwili baadaye daktari akasema mama anaweza kwenda nyumbani.

Alituambia kwenye chai ya asubuhi. "Nataka kurudi Karungu." Nilikuwa najua itakuja, na bado ilinigusa. Boke alisimama akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Nikamwambia mama naweza kumhamishia tank. Naweza kuweka sola, Ouko atasaidia. Nilikuwa nasema kweli.

Akakataa. "Kule kuna ziwa, nalifungulia mlango kila siku. Hii iache hapa. Mwalimu ataichunga."

"Na mimi?"

"Wewe utatengeneza pampu."

Wiki ya mwisho alimfundisha Boke kila kitu. Namna ya kuangalia mashavu. Namna ya kujua amekula au amejifanya amekula. Rangi za kichupa karibu na dirisha, kamwe si chini ya taa. Walikuwa wanaongea Kiswahili chao cha ajabu, nusu sokoni nusu darasani, na Kijaluo cha Boke kikaongezeka maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau.

Sasa hivi mama yuko Karungu. Anatembea na fimbo kwenye mteremko tu. Hashiki karai kichwani tena, amekuwa wa kununua na kupanga wengine wabebe, na wavuvi wanasema amerudi mkali kuliko alivyoondoka. Jumamosi anapiga video. Hanisalimii mimi. "Geuza simu," anasema, "niwaone." Nyuma yake nawaona wanawake wa ufukweni wameinama kwenye skrini wanashangaa, na yeye anawaeleza nani ni nani.

Juzi Boke alimwonyesha kitu: karibu na kona anakolala Mikayi, yule samaki mdogo alikuwa anapepea mapezi juu ya mayai kwenye jiwe, ya rangi ya machungwa, madogo kama punje za uwele. Yule dume ndiye anayeyalinda. Mama akasema sasa amepata jina, lakini atatuambia akilifikiria vizuri.

Mayai yenyewe hayakufika mbali. Kulea vifaranga vya bahari ni kazi nyingine kabisa, sina chakula chao wala uzoefu. Ila nimeanza kusoma.

Nilichojifunza mimi, wakuu. Tank ya chumvi si ya mtu mwenye haraka, na niliyekuwa na haraka ni mimi niliyesoma, aliyejua kungoja ni yule aliyekuwa anaangalia ukuta. Nilidhani mama yangu anahitaji kupumzika. Alihitaji kazi inayomhitaji yeye, macho yake na mikono yake. Kama una mzazi nyumbani amekaa kimya, mpe kitu cha kweli cha kushika, hata kama wewe mwenye nyumba utanyang'anywa jagi. Na nunua betri kabla haijafa ile ya zamani.

Kwa upande wa ufundi, niulizeni lolote: taa, pampu, kupima maji, namna nilivyogeuza water dispenser ya zamani kuwa mashine ya kupooza. Nikijua nitajibu, nisipojua nitamuuliza Boke. Wanaofuga maji ya chumvi mbali na bahari, Kisii, Mwanza, Kampala, popote, nataka kusikia mnapambanaje na stima. Aliyewahi kukuza vifaranga vya clownfish aje mbele kabisa.

Lile tumbawe la kijani limezidi, limepanda hadi kwenye kioo. Aliye karibu na Migori au Homa Bay anayetaka kipande aje na chombo chake, ni bure, mradi tank yake iwe imemaliza cycle. Nitakagua kabla ya kukata.

Andikeni hapa chini. Jumamosi nitamsomea mama comments zote, kwa hiyo wenye lugha kali mjizuie kidogo.